Patasi Yetu

Wiki yangu ya kwanza utawani niliambiwa niache kusema "changu". Sikuambiwa kwa ukali. Mlezi wetu, padre mmoja Mngoni mwenye sauti ya chini, alinikuta asubuhi nimepiga magoti, mkono uvunguni, akaniuliza natafuta nini. "Natafuta ndara zangu, Padre." Akasema, "Ndara zetu," halafu akaenda zake. Nikabaki palepale nikiwaza: kama kweli ni zetu, si angeinama tukazitafuta wote?

Ilikuwa mwaka 1991, nina miaka 20, mtoto wa mkulima wa kahawa kutoka Mbinga. Nilidhani jambo hilo litakuwa jepesi, maana kwetu "-etu" tunalo tele. Mama yetu, nyumbani kwetu, hata mke wa kaka yako utamwita mke wetu na hakuna atakayekushangaa. Ila "-etu" ya nyumbani ina ukoo nyuma yake. Ile ya utawani haikuwa na ukoo wowote. Ilinifunga mimi na Mhehe mmoja, Wamakua wawili, Mpogoro aliyekoroma usiku kucha, na Wajerumani kadhaa wazee ambao hatukuwahi kuchaguana nao.

Monasteri yenyewe sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayosema hayapendezi na wahusika wengine wangali hai. Itoshe kusema ni ya Wabenediktini, na iko kusini. Mtu wa kusini ukimtajia "misheni" hafikirii mahubiri kwanza. Anafikiria hospitali, mashine ya kusaga, karakana, shule ya ufundi, kiwanda cha kuchapa vitabu. Peramiho ilianza hivyo mwaka 1898, na Ndanda mwaka 1906. Watawa wenyewe walitumwa kutoka St. Ottilien kule Bavaria, Ujerumani, jumuiya iliyotokana na Padre Andreas Amrhein, aliyeianzisha mwaka 1884 akiwa na wazo ambalo wengi waliliona la ajabu. Mmonaki huweka nadhiri ya kudumu mahali pamoja, na mmisionari kazi yake ni kutumwa. Yeye akataka mtu mmoja awe vyote viwili. Wao walilitatua hivi: unakwenda mbali mara moja, halafu unakaa hukohuko mpaka ufe.

Nililielewa hilo makaburini. Kazi ya kwanza niliyopewa karakanani ilikuwa kutengeneza upya misalaba ya mbao iliyoliwa na mchwa, na kabla ya kutupa msalaba wa zamani ilinibidi ninakili maandishi yake. Basi nikawa nasoma. Huyu alikufa na miaka 26. Yule 31, mwaka wa pili tangu afike. Malaria, homa ya mkojo mweusi. Karibu wote walikuwa mabradha, yaani watawa wasio mapadre: seremala, mwashi, mhunzi, mwoka mikate.

Mlezi wetu alitufundisha historia bila kupendelea upande, na hilo nililiheshimu nilipokuja kukua zaidi. Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, aliuawa mwaka 1905 karibu na Liwale wakati wa Maji Maji, pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Misheni ya Peramiho ikachomwa moto mwaka uleule. Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea. Padre, ambaye ukoo wake ulipoteza watu kwenye kamba ile, alitazama dirishani akasema, "Watu wetu walichoma misheni yetu, kisha watu wetu wakanyongwa." Hakuna aliyeuliza swali. Mimi nilikuwa nahesabu hizo "wetu" na "yetu", nikaona kumbe hata yeye zinampa shida.

Watu huniuliza kama kusali sana kulinichosha. Hapana. Kengele ya kwanza ililia saa kumi na moja kasorobo alfajiri, tukaingia kanisani gizani, masifu, misa, chai, na saa mbili kila mtu yuko kazini. Mwili huzoea. Kilichonichosha mimi kilikuwa bradha mmoja aliyetangulia nusu neno katika kila mstari wa zaburi. Zaburi tunasali kwa pande mbili, upande huu mstari, upande ule mstari, na utamu wake uko katika kupumua pamoja. Yeye alikuwa ameshafika kwenye "Bwana" sisi tukiwa bado kwenye "Ee". Mtakatifu Benedikto aliagiza zaburi zote 150 zisaliwe ndani ya wiki moja. Hebu piga hesabu ya mistari. Kuna siku nilitamani kumtupia kitabu, na kitabu chenyewe, bila shaka, kilikuwa chetu.

Nilikwenda kulalamika kwa mlezi. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Unajua yeye amekuja kuniambia nini juu yako?" Sikujua. "Kwamba unachelewa."

Karakana ilikuwa chini ya bradha mzee Mjerumani ambaye vijana wote walimwita Bradha Fundi, nami nitamwita hivyo. Alifika nchini kabla ya Uhuru. Kiswahili chake alikuwa amekiokota kati ya meza za useremala, kwa hiyo alijua jina la kila chombo na kila mti, mninga, mkongo, mkangazi, mvule, ila ukimpeleka nje ya mbao alikwama. "Habari ya asubuhi" aliijibu "ndiyo". Tulimpa "Tumsifu Yesu Kristo" kwa kuwa "Milele amina" aliijua vizuri, na kwa salamu hiyo tuliishi miaka.

Wiki tatu za mwanzo hakuniruhusu kugusa ubao. Kunoa tu. Patasi, randa, shoka, visu vya jikoni, hata mikasi ya masista walioshona kanzu. Ananiletea, nanoa juu ya kinoo, anapitisha ukingo juu ya ukucha wa dole gumba, anatikisa kichwa, ananirudishia. Siku moja nikamwuliza kwa nini anasumbuka hivyo na patasi ya zamani, wakati stoo kulikuwa na mpya kutoka Ulaya. Akanionyesha ukutani. Alikuwa ametundika kibao chenye maneno ya Kanuni yetu, ile Mtakatifu Benedikto aliyowaandikia wamonaki, sura ya 31, pale anapomwagiza mtunza mali avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. "Patasi," akasema, kisha akainua mikono kama padre anayeinua kikombe. Hakuwa na maneno zaidi ya hayo, na sidhani yalihitajika.

Ukutani kila chombo kilikuwa na nafasi yake, na nyuma ya chombo pamechorwa kivuli chake kwa rangi nyeusi. Saa kumi na moja jioni, kabla ya kunawa kwa ajili ya masifu, Bradha Fundi alisimama mbele ya ukuta ule akautazama kuanzia kushoto hadi kulia. Akiona kivuli kitupu, hakuna anayetoka.

Meza ya jirani yangu alikuwa fundi mwajiriwa, mtu wa kijiji cha pale, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Alikuwa na mikono mizuri kuliko sisi sote. Ijumaa moja alinong'ona kwamba anamalizia mlango wa nyumba yake na hana patasi ya nusu inchi. Kesho asubuhi ataileta. Nikamwambia, "Chukua, kaka." Nikaitundika nyingine pale, kubwa kidogo, ifunike kivuli.

Bradha Fundi hakudanganyika hata kwa dakika moja. Akaitoa ile kubwa, akakitazama kivuli, akanigeukia.

"Patasi yetu?"

"Nimempa fulani, Bradha. Ataileta kesho."

"Umempa," akasema. Akafikiri, akitafuta neno. "Ulikuwa nayo?"

Nilikuwa tayari kwa adhabu, na adhabu ilikuja. Jioni ile nilipiga magoti mbele ya jumuiya bwaloni, nikakiri kosa langu, nikala chakula changu peke yangu siku mbili. Aibu ya ujana, ikapita. Lakini kumbe habari ilifika pia ofisini, na ofisini kulikuwa na utaratibu mwingine. Yule fundi alikatwa mshahara wa siku tatu, akapewa barua ya onyo. Patasi aliirudisha Jumamosi saa moja asubuhi, ikiwa imenolewa.

Hapo ndipo nilipoona "-etu" yetu inaishia wapi. Inaishia getini. Mimi niliyetoa nilisamehewa kama ndugu, na yeye aliyepokea akatozwa kama mgeni. Nilipaswa kwenda ofisini kusema kwamba kosa ni langu. Sikwenda. Nilikuwa nakaribia kuweka nadhiri za kwanza na niliogopa jina langu litajwe tena. Nimekuwa nikisikia watu wakiwalaumu wamisionari kwa mengi, mengine ya kweli. Hili la kwangu sina Mzungu wa kumtwisha, kwa sababu karani aliyeandika barua ile alikuwa Mmatengo kama mimi, na aliyenyamaza nilikuwa mimi.

Niseme pia kuhusu nyumba zetu wenyewe. Kwa miaka mingi huko kusini Mwafrika aliyetaka kuwa Mbenediktini hakuingia katika abasia, yaani monasteri zinazoongozwa na abate, za Wazungu. Hanga ilianzishwa mwaka 1957 kwa ajili ya watawa Waafrika, na wazee walitueleza kwamba nia ilikuwa wajitegemee, wasiwe vibarua katika nyumba ya wengine. Huenda. Hanga ilikua ikawa abasia na ina heshima yake. Ila sisi tulioingia baadaye katika nyumba ya mchanganyiko tulikuta mabaki madogomadogo ambayo hakuna aliyeyaandika popote: nani anakaa upande wa dirisha wenye upepo, jibini inaanzia meza ipi. Bradha Fundi, bila kuelezwa na mtu, alikuwa akiibeba sahani ya jibini kutoka meza yao kuileta kwetu. Hatukuipenda. Tuliila.

Mwaka 1994, mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, baba yangu alifariki. Habari ililetwa na katekista kwa baiskeli. Nilipewa ruhusa ya kwenda nyumbani alfajiri, na nikaomba jambo moja, jeneza, kwa kuwa nilijua nyumbani hakuna mbao kavu wakati ule.

Sharti nieleze jambo. Juu ya dari ya karakana kulikuwa na majeneza mawili tayari siku zote. Kwenye nchi ya joto mtu anazikwa upesi, na huwezi kuanza kupiga randa marehemu akiwa anakusubiri. Lakini kwa kuwa majeneza yale yalikaa darini miezi na miezi, na yalikuwa yameungwa vizuri kiasi kwamba hata panya hakupenya, bradha wa jikoni alikuwa amepata ruhusa ya kuhifadhia maharagwe ndani ya moja. Wageni walipotutembelea tulilificha jambo hili.

Lililokuwa tupu lilikuwa refu mno. Baba alikuwa mtu mfupi. Usiku ule nilimkuta Bradha Fundi karakanani kwa taa ya chemli, umeme wa jenereta ukiwa umeshazimwa, wakati wa kimya kikuu ambapo hakuna mmonaki anayepaswa kusema wala kufanya kazi. Alikuwa amelishusha lile la maharagwe. Aliyachota kwa sufuria kidogokidogo, akayatia kwenye gunia, akafuta ndani kwa kitambaa chenye maji, halafu akapiga randa kifuniko upya chote, maana kilikuwa na doa. Alipokwisha kushindilia misumari ya mikono ya kubebea alinitazama. Nilijua anatafuta neno la pole na halipati. Kiswahili cha mbao hakina neno la msiba. Akaliokota gunia, akaliweka kando ya jeneza, akasema, "Na hii. Kwa watu."

Maharagwe yale ndiyo yaliyolisha matanga. Aliyekaa nyuma ya pikapu kulishika jeneza lisigonge, kilomita zote zile za utelezi, alikuwa yule fundi wa mlango. Alijitolea mwenyewe. Njiani nilitaka kumwambia kuhusu zile siku tatu. Alikuwa ameshika jeneza kwa mikono miwili, mvua inamchapa usoni, akasema tu, "Kiungo hiki kizuri. Hakuna hata msumari kwenye kona." Nikaliacha.

Mwaka 1996 nadhiri zangu za muda zilikwisha. Za daima sikuziweka. Watu walitafuta sababu ya siri, mwanamke au ugomvi, na sikuwa nayo. Mama alikuwa amebaki peke yake. Na nilikuwa nimechoka, nitasema kweli, kuwa mtu ambaye hata uchovu wake unajadiliwa na watu kumi na saba. Abate alinibariki, akanipa suruali mbili na nauli. Baada ya miezi miwili nikarudi palepale, safari hii nikiingilia geti la wafanyakazi.

Miaka minne niliyofanya kazi kama mwajiriwa ilinifundisha mengi kuliko mitano ya kanzu. Kengele ileile, ukiwa ndani inakuita, ukiwa nje inakupa saa tu. Walioniita Bradha sasa waliniita Fundi, na wawili watatu hawakuniita kabisa. Mshahara ulilipwa kwa tarehe, hilo sitawanyima, na mtoto wa mfanyakazi akiugua alitibiwa hospitali ya misheni. Ila hatukujua mwaka ujao kuna kazi au hakuna, kwa kuwa mambo hayo yalijadiliwa ndani, na sisi tuliyasoma kwenye nyuso zao. Nilimwomba yule fundi msamaha mwezi wa kwanza, chini ya mwembe, wakati wa uji. Akacheka. "Uliona aibu miaka yote hiyo? Mimi nililipia mlango. Bado unafunga."

Miaka hiyohiyo mambo yalianza kubana. Mabradha wazee walikuwa wanazeeka kwa pamoja, na kutoka Ulaya hawakuja wa kushika nafasi zao. Vijana wetu wengi walitaka upadre. Ubradha wa vumbi la mbao ulionekana wa daraja la chini. Fedha za wafadhili zikapungua. Karakana iliyokuwa ikitengeneza madawati na milango ya makanisa bila kuuliza bei ikaambiwa ijilipie yenyewe. Bradha Fundi hakuelewa ankara. Aliweza kukaa siku nne na droo moja.

Mimi siamini kwamba misheni lazima iishi kwa kuombaomba, na waliothibitisha hivyo, kwa macho yangu, ni masista. Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga kituo cha umeme wa maji pale Tulila, mto Ruvuma, megawati 5, kikazinduliwa mwaka 2015, wakauzia TANESCO umeme wakati Songea bado inategemea majenereta ya dizeli na gridi ya taifa haijafika. Nilikwenda kuona. Sista aliyetutembeza kwenye mitambo alikuwa amejifunga kitambaa kichwani juu ya shela yake na ana funguo kama za gereza. Nikamwuliza mashine hizi ni za nani. Bila hata kufikiri akasema, "Zetu." Nikatazama kijijini kama nyaya zinafika huko.

Mwaka 2000 niliaga nikafungue karakana yangu Songea mjini. Siku ya mwisho Bradha Fundi alinifuata hadi kituo cha basi, akitembea kwa fimbo, ana kitu kimefungwa kwa karatasi ya kaki. Ilikuwa ile patasi ya nusu inchi, ileile. Aliitumia zaidi ya miaka 40. Mpini alikuwa ameubadilisha, akaweka wa mkongo.

"Nimeomba ruhusa," akasema.

Nilicheka. Mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye kujenga nusu ya madawati ya wilaya, amekwenda kubisha mlango wa abate kijana ambaye yeye anamzidi umri kwa mbali ili aruhusiwe kutoa kipande cha chuma. Kanuni, sura ya 54, mmonaki hapokei wala hatoi bila ruhusa. Yeye hakucheka. Alinionyesha karatasi ilivyo na sahihi ya abate kwa ndani, akaikunja tena, akanishika mkono mpaka utingo alipoanza kupiga bodi la basi.

Alifariki mwaka 2009. Nilikwenda kuzika. Jeneza lake lilishushwa kutoka darini kama la mtu mwingine yeyote, na kabla hawajamweka ndani nilichungulia kwenye kona kama kuna punje ya haragwe. Hapakuwa na kitu. Palikuwa pamefutwa.

Sasa nina vijana wanne karakanani. Ukutani nimechora vivuli kwa rangi nyeusi, na jioni nasimama pale nautazama ukuta kutoka kushoto. Patasi ile imenolewa mno, chuma kimebaki urefu wa kidole cha shahada. Juzi kijana wangu mmoja aliniomba aondoke nayo jioni, kwao kuna mlango anamalizia, kesho asubuhi ataileta.

Nilimwambia achukue ile ya Kichina.